Nyumba Tano Shingoni mwa Gitaa

Mama yangu alipopoteza sauti, majirani zetu wa Jinja walikuja kumpa pole wakiwa wamejitanda khanga kama watu wanaokwenda matangani. Alikuwa ameota rovu kubwa shingoni, hospitali wakalitoa, naye akapona vizuri kabisa. Anakula, anafagia, anagombana na kuku. Daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba huenda sauti isirudi, na kweli haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, pumzi yenye maneno ndani yake. Angekuwa mama mwingine tungemshukuru Mungu na kuendelea na maisha, lakini mama yangu alikuwa mwimbaji.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa Uganda wakiwa askari kutoka Sudani, wakabaki, wakazaa, na arusi zao wakabaki nazo. Kwetu hakuna arusi bila doluka, ngoma ya wanawake: wanapiga, mmoja anaongoza kuimba, wengine wanaitikia. Huyo anayeongoza hana wimbo aliokariri. Anawatazama waliokuja, anawaimba hao hao. Huyu kanzu yake ni ya kuazima, yule amekuja na tumbo tupu na mfuko mkubwa, na shangazi wa bwana arusi anatembea kama mke wa gavana. Watu wanaumbuliwa huku wanacheka. Kutoka Jinja hadi Iganga hakukuwa na mwanamke aliyemshinda mama kwa kazi hiyo. Na katika ukoo wetu kulikuwa na jambo moja zaidi: bibi arusi haondoki mpaka mama yake mzazi amwimbie mbele ya watu, amsifu, amtanie, amwachilie.

Dada yangu alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake alikuwa karani wa ghala la pamba kule Mbale, kijana mpole mwenye nywele zilizochanwa kwa mafuta mengi. Arusi ilipangwa ifanyike baada ya Idi, miezi saba mbele. Jioni moja, mama akiwa kisimani, dada alikaa juu ya jamvi akaniambia, "Kaka, basi mimi nitatoka kimya kimya kama robota la pamba."

Alisema akicheka. Baadaye nilimkuta nyuma ya jiko amejifunika uso kwa khanga, mabega yanamtetemeka.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu siku zote hunifanya niahidi mambo. Niliingia ndani nikalishusha gitaa ukutani. Lilikuwa la mjomba wangu aliyerudi nalo kutoka vita vya Burma, na tangu afariki lilikuwa likikaa pale likifuga buibui. Nilijua kulipiga kidogo, yaani nilijua kulikwaruza. Nikasimama mlangoni nikatangaza, "Dada ataimbiwa. Nitamwimbia mimi, kwa hili gitaa, kwa niaba ya mama."

Mama alikuwa amesharudi na ndoo. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanong'ona, "Wewe hata kuku wangu huwezi kumwita akaja."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu kuita ilikuwa kazi yake. Kila jioni, tangu tukiwa wadogo, alisimama mlango wa jikoni akamwita dada yangu kwa mlio ule ule: sauti moja ndefu juu, inakaa kidogo, kisha inashuka vidato viwili na kutua. Jina lenyewe lilipotelea ndani ya ule mlio, hata usingeweza kulisikia. Dada awe kwa jirani, awe bondeni, awe amepanda mti wa watu, jibu lilimtoka kabla hajaamua kujibu: "Abee, mama!" Kuitikia hivyo tulifunzwa na mwalimu wetu wa madrasa, mtu wa pwani, ambaye hakuvumilia mtoto wa kike aitwe akajibu "eeh". Tangu mama atoke hospitali, mlango wa jikoni ulikuwa kimya, na ilibidi nitumwe mimi kumtafuta dada kwa miguu.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Nilikaa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja, mzee wa Kigujarati ambaye aliamini kwamba fundi akinyamaza ndipo anaposhona vizuri. Mwalimu wa gitaa nilimpata kutoka kwenye baraza hilo hilo. Alikuja kupunguziwa suruali. Alikuwa Mluhya kutoka Kenya, fundi wa nyaya kule kwenye bwawa la kufua umeme, mrefu, mwenye vidole kama vya mtu anayekama ng'ombe. Nilipokuwa nikimpima kiuno alikuwa akipiga mluzi, na ule mluzi ulikuwa unazunguka zunguka kwa namna ambayo nilisahau namba niliyoisoma. Nikampima tena. Mara ya tatu akauliza kama nina tatizo la macho.

"Sina," nikamwambia. "Huo wimbo unauitaje?"

"Si wimbo, bwana fundi. Natembea tu."

Jumapili iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi, na gitaa la mjomba limefungwa ndani ya shuka.

Alilikaza nyuzi, akalisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akanieleza jambo ambalo bado nalisikia kwa sauti yake. Sauti zote duniani ni nyingi, alisema, lakini mtu anayetaka kusema lake mwenyewe anahitaji tano tu. Hizo tano zimejipanga kwenye shingo ya gitaa kwa maumbo matano, na kila umbo yeye aliliita nyumba. Nyumba ya kwanza inaanzia kidato cha tano, ukihesabu vile vyuma vinavyokatiza shingo. Kila uzi una vyumba viwili: kidole cha kwanza kinakaa pale pale siku zote, mlangoni, na mwenzake ama ni cha tatu ama ni cha nne. Nyuzi sita, vyumba kumi na viwili. Ukiishi ndani ya hiyo nyumba, hata ukipotea, hujatoka nje.

"Kukosea unaweza," akasema, "lakini huwezi kukosea sana."

Akazipiga polepole kutoka chini hadi juu. "Hizo ni sauti za mama," nikasema.

"Hizi ni sauti za majonzi," akanisahihisha. "Hii nyumba ina huzuni ndani yake. Mtu akiachwa, anapiga hii."

"Ni za arusi! Kwetu ndizo wanazoimbia bibi arusi!"

"Kwenu mnaoana mkilia?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alikuwa na gitaa, lakini mimi nilikuwa nimelelewa ndani ya hizo sauti tano, zikichezewa, zikipigiwa vigelegele, na sikuwa tayari kuambiwa na mtu wa nyaya kwamba zina majonzi. Mwishowe akasema basi, piga uonyeshe. Sikuweza. Hapo ndipo masomo yalipoanza kweli.

Sasa naomba mtu asinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni fundi cherehani. Nilifunzwa kwamba kila umbo lina kigezo chake: unakata karatasi, unaiweka juu ya kitambaa, unachora kwa chaki, na hutakosea hata ukiwa na homa. Kwa hiyo nilichukua kadibodi ya boksi la mashati, nikaipima kwa shingo ya gitaa kwa futi kamba, nikaikata ipite chini ya nyuzi, nikatoboa matundu kumi na mawili pale vidole vinapotakiwa. Ilikaa vizuri ajabu. Nikaweka kidole kwenye tundu, tundu lililofuata, tundu lililofuata. Ndani ya wiki moja nilikuwa naipanda na kuishuka nyumba ya kwanza bila kukosea hata mara moja. Nikajiona nimemaliza.

Kisha mwalimu akaniambia kwamba nyumba inahama. Mwimbaji akianza juu zaidi, unaibeba nyumba yote unaipeleka juu ya shingo, umbo lile lile. Nikaenda nyumbani nikaisukuma kadibodi mpaka kidato cha nane. Matundu yakagoma. Vidato vya gitaa, kama hujawahi kuvitazama kwa makini, vinakaribiana kadiri unavyoelekea tumboni, kwa hiyo kigezo changu kilikuwa kipana mno. Mtu mwingine angejiuliza kama njia yenyewe ni sawa. Mimi nikajiambia, kumbe ni suala la saizi! Nilikuwa nashona sare za shule kila Januari. Kaptura ya mtoto wa darasa la kwanza na ya kaka yake ni umbo moja, unapunguza tu inchi. Nikakata vigezo saba, kutoka kikubwa hadi kidogo, nikaviandika namba kwa chaki, nikavifunga kwa utepe.

Jumapili nilipovitandaza mbele ya mwalimu, aliviangalia kimoja kimoja kwa heshima kubwa. Akachukua namba saba, kile kidogo kabisa, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akaanguka ubavu juu ya kitanda. Alicheka mpaka mke wake akatoka jikoni na unga mikononi kuuliza nani amekufa.

"Mama watoto, njoo uone," akasema akipangusa machozi. "Huyu ameshonea gitaa suruali! Tena na ya watoto wake!"

Niliondoka kwa hasira. Nilifika barabarani, nikakumbuka nimeacha gitaa, nikarudi. Wote wawili walikuwa bado wanacheka, na mke akanipa sahani ya kuku na ugali, nami nikala nikiwa nimenuna.

Baada ya chakula akavichukua vile vigezo vyote saba akaviweka juu ya kabati. "Hutavipata," akasema. "Mkono wako ndio kigezo. Ukipanda juu, vidole vitajibana vyenyewe. Wewe ukishona kola ya mtoto, vidole vinaambiwa vijibane?"

Miezi miwili iliyofuata mkono wangu wa kushoto haukupumzika. Nilipiga nyumba ya kwanza juu ya meza ya cherehani huku mguu ukikanyaga pedali. Niliipiga juu ya ukosi wa koti la mteja akiwa amelivaa. Mzee wa duka akatoa kichwa mlangoni. "Fundi, wewe nafanya kazi ama nakuna meza?" Nikamwambia najifunza. Akasikiliza kidogo mdundo wa vidole vyangu, akasema kwao wapo wanaojifunza ngoma kwa kupiga magoti yao, akarudi ndani. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, ila wateja wakichelewa alitoka nje kidogo kusikiliza meza.

Nyumba ya pili ikaja, na ya tatu, mpaka tano, na milango ya kutoka moja kuingia nyingine. Lakini nilikuwa na ugonjwa. Nilipanda, nikashuka. Nilipanda, nikashuka. Mwalimu alinivumilia, kisha Jumapili moja akaweka mkono wake juu ya nyuzi zangu. "Umejenga nyumba, umefagia, umefunga madirisha. Sasa sema kitu humo ndani. Hata uongo."

Nilirudi nyumbani nikamwendea mama jikoni, nikamwomba anifundishe nyimbo zake.

Yale yalikuwa masomo ya ajabu kuliko yote. Mama hakuwa na sauti ya kunionyesha wimbo unapanda wapi, kwa hiyo alitumia mwiko. Ananong'ona maneno, na mwiko unapanda, unashuka, unatetemeka hewani, matone ya mchuzi yananirukia usoni. Mimi natafuta kwenye nyuzi. Nikikosea, mwiko unagonga sufuria. Nikipata, unaelea. Dada alikaa mlangoni akichambua mchele na kutufasiria: "Anasema juu, kaka. Si hapo. Anasema wewe ni kichwa ngumu. Hapana, hilo silo la wimbo, anakwambia wewe." Tulicheka jikoni mle kuliko tulivyowahi kucheka mama akiwa na sauti. Sijui kama ni vizuri kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tatizo lilikuja nilipoujua wimbo mmoja wote na kumpigia kwa fahari. Mama akatikisa kichwa. "Huo niliimba kwenye arusi ya jirani. Bibi arusi alikuwa mwingine, wageni wengine."

"Basi nipe wa dada."

"Haujawa. Watu hawajaja."

"Mama, nitasemaje kama sijui nani atakuwepo?"

"Ukishawaona utajua," akanong'ona, akageukia chungu chake.

Hilo halikunitosha. Fundi gani anasubiri mteja asimame mlangoni ndipo akate kitambaa? Kwa siri nilitengeneza wangu. Niliuchukua mwanzo wa wimbo huu, katikati ya ule, mwisho mzuri niliouiba kwenye mluzi wa mwalimu, nikauunga vipande, nikaukariri ukawa imara. Nyumba ya kwanza, kidato cha tano, mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu alipousikia alisema mshono ni mzuri. Sikuelewa kama ni sifa.

Tulikwenda Mbale kwa treni, tukabadilisha Tororo, mimi nimelipakata gitaa na mama amepakata ngoma yake ndogo. Baba yetu alikuwa marehemu, kwa hiyo dada alikuwa akiozwa na ami yetu, kaka mkubwa wa baba, nyumbani kwake Nkoma, mtaa wa hapo hapo Mbale. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa upya, na ua umefagiwa mpaka ukang'aa. Wanaume walipewa mabenchi chini ya turubai, wanawake majamvi mbele ya mlango. Mimi nilipewa kigoda kando ya mama, mwanamume peke yangu upande ule, na shangazi zangu walinisema vya kutosha. Nyuma yetu, ndani ya mlango uliofunguliwa wazi, dada alikuwa ameketi juu ya mto amefunikwa shela nyekundu. Bibi arusi kwetu hainui uso, hacheki, hasemi neno, hainuki, mpaka akabidhiwe. Vidole vyake tu ndivyo vilivyoonekana, vimechorwa hina, vimeshikana kwa nguvu.

Watu wa bwana arusi walifika baada ya Alasiri wakitembea kutoka mtaa wao wa Malukhu, na ngoma zao zilitangulia kusikika. Waliongozwa na shangazi yake, mwanamke mnene, mzuri, mwenye jino la dhahabu, na mwendo ambao sijauona tena: anaweka mguu mmoja, anafikiri, ndipo anauleta wa pili. Alikaa mbele yetu, akakohoa, akaanza. Alikuwa na sauti ya kutoboa bati. Alimwimba ami yetu na chokaa yake mpya, akaimba biriani letu ambalo harufu yake imefika Malukhu lakini lenyewe bado halijaonekana. Akanifikia mimi.

"Fundi wa Jinja, umekaa na wanawake, umekuja kutushonea au kutupigia?"

Wakaitikia, wakacheka. Kisha akamgeukia mama.

"Mama wa bibi arusi, mbona mdomo umefungwa? Binti humwimbii, au sisi si watu wa kuimbiwa?"

Hakujua. Karani wetu mpole hakuwa amewaambia, au aliwaambia wanaume tu, jambo ambalo ni yale yale. Kwa kawaida ya doluka ilikuwa utani wa haki kabisa, na mama mwingine angeinuka na kumrudishia mara mbili. Mama yangu aliendelea kupiga ngoma yake taratibu, ameinamisha uso. Nikasikia wanawake wa Mbale wakinong'onezana kwamba huyu mama ana maringo. Nyuma yangu shela nyekundu ilitetemeka.

Nikaanza wimbo wangu, kidato cha tano, kama nilivyoukariri.

Ilikuwa aibu tupu. Shangazi yule na waitikiaji wake walikuwa wanaimba juu, mbali na mimi, na nilichokuwa nikipiga kiligongana na kila walichoimba. Kitoto kimoja kilijiziba masikio. Jino la dhahabu liling'aa. "Fundi, vipimo vimekosea!" akasema, na ua mzima ukaangua kicheko, mpaka ami yangu.

Damu ilinipanda. Ningeweza kuondoka, kama nilivyoondoka Walukuba. Lakini nilipoangalia mkono wangu nikaviona akilini vile vigezo vilivyobaki juu ya kabati la watu, namba moja hadi saba, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Nyumba inahama. Nikatelezesha mkono kidato cha sita, nikajaribu uzi mmoja kimya kimya. Bado. Cha saba, bado. Cha nane, ikaingia. Vidole vikajibana vyenyewe kama nilivyoambiwa, kaptura ile ile, saizi ya mtoto, na sauti tano zote zikakaa juu ya wimbo wao bila mkunjo.

Ila wimbo wangu niliokariri ulikuwa umeshanitoka kichwani wote. Nikainua macho kutafuta msaada, na mbele yangu yule shangazi alikuwa anainuka kucheza. Aliweka mguu mmoja. Akafikiri. Akauleta wa pili.

Nikaupiga huo. Sauti moja nzito kwenye uzi wa chini, ikasubiri, ikajivuta, ikapanda chumba cha pili na kutingishika kidogo pale kiuno chake kilipotingishika. Akapiga hatua nyingine, nikaipiga nyingine. Wanawake wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, na mmoja akapiga kelele, "Anakutembeza!" Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha namna tofauti. Yeye mwenyewe akasimama, akajaribu kutembea upesi ili anikwepe, nikapiga upesi. Akageuka ghafla, nikageuka. Mama alikuwa ameinua uso, na ngoma yake ilikuwa imeingia chini yangu, anacheka bila sauti, meno yote nje. Nilijisikia naruka. Sikuwa nimekata kitambaa hicho popote. Kilikuwa kinatoka mkononi chenyewe, nyumba ya kwanza, ya pili, narudi ya kwanza, na kila mlango niliousukuma ulifunguka.

Shangazi akakaa akihema, akanipungia mkono kwamba amekubali. Kisha akainua kidole, ngoma zikashuka.

"Gitaa tumelisikia," akasema, safari hii bila kuimba, tena kwa upole. "Hongera. Lakini mama je? Mtoto anatoka bila neno la mama?"

Hapo hapakuwa na utani wa kurudisha. Ningeweza kusimama nikaeleza habari ya hospitali, ingekuwa matanga. Nilimtazama mama. Hakuwa ananitazama mimi wala shangazi. Alikuwa amegeuka kabisa, anamtazama dada ndani ya mlango, na mkono wake ulikuwa umeinuka kando ya mdomo, kiganja kimekunjwa nusu, kama alivyosimama jioni zote za maisha yetu.

Nikapiga alichokuwa anataka kusema. Sauti moja ndefu juu, nikaiacha ikae. Kisha vidato viwili chini, ikatua.

"Abee, mama!"

Lilitoka ndani ya shela, kubwa, wazi, sauti ya mtoto aliye juu ya mti wa watu. Bibi arusi aliyekatazwa hata kukohoa! Na kabla mtu hajapata la kusema, dada yangu alikuwa ameshainuka, kwa sababu ndivyo alivyozoea, akiitwa anaitika na akiitika anakuja. Alikanyaga mto, shela ikamlalia begani, akapita katikati ya shangazi zetu waliojaribu kumshika nguo, akapiga magoti mbele ya mama. Mama akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akamvuta, akamnong'oneza sikioni. Alinong'ona kitambo. Yule shangazi wa Mbale alikuwa karibu vya kutosha kuona shingo ya mama ilipoinama, na kovu lake, na midomo inayokwenda bila sauti. Nikaona anaelewa. Akajipiga kifua kwa kiganja. Akawageukia watu wake, machozi yanamtoka na jino linang'aa, akawaambia, "Tumeimbiwa," kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika mlima Wanale.

Ngoma zikarudi zote kwa pamoja. Nilipiga mpaka uzi mmoja ukakatika, nikaendelea na tano zilizobaki.

Kwa miaka mingi nilitaka kujua mama alimwambia nini pale. Nilidhani ndio wimbo wenyewe, ule ambao hakunipa jikoni kwa sababu watu walikuwa hawajaja. Mama nilimwuliza mara nyingi, akawa ananigongea mwiko. Mwishowe nilimbana dada, siku moja nilipokwenda Malukhu kumwona mtoto wake wa pili.

"Aliniambia nirudi nikakae, namwaibisha mbele ya watu," dada akasema. "Akaniambia hivyo hivyo mara tano, sita. Nami ningerudi, kaka, lakini alikuwa hataki kuniachilia."